UZI: East End ya London enzi za Malkia Victoria, watu walikuwa wanakufa kwa nini hasa?

#1 Karani wa Zamani

Wakuu, habari za jioni.

Ikitajwa Whitechapel, mtaa wa East End, yaani mashariki mwa London, karibu kila mtu anamkumbuka yule muuaji wa 1888, Jack the Ripper, ambaye hajajulikana mpaka leo. Wanawake ambao wengi wanakubali kuwa aliwaua yeye ni watano. Filamu, ziara za usiku, makumbusho, vyote vinaishi kwa migongo ya hao watano. Sasa fungua madaftari ya vifo ya mitaa ileile, Whitechapel, Bethnal Green, Stepney, Poplar, halafu teremka na safu ya sababu ya kifo. Visu ni nadra sana. Kuna kikohozi, kuhara, degedege, surua, kikohozi tena, ukurasa kwa ukurasa, na waliotajwa wengi hawajafika hata miaka mitano.

Msimamo wangu nautoa mapema ili anayetaka kubisha ajipange: maradhi yaliyowatisha watu wa mji ule siyo yaliyokuwa yanawamaliza. Hela na sheria zilikimbilia yaliyotisha.

Kwanza daftari lenyewe, maana bila kulielewa utadanganyika. Serikali ilianza kusajili vifo Uingereza na Wales tarehe 1 Julai 1837, siku chache tu baada ya Victoria kurithi ufalme. Kila kifo kina mstari wake: lini na wapi, jina, jinsia, umri, kazi, sababu, aliyeleta taarifa. Mtoto hana kazi, kwa hiyo wanaandika "mtoto wa mfuma hariri", "mtoto wa kibarua wa bandarini". Mama asiyejua kuandika anachora X na msajili anaandika pembeni kwamba hiyo ni alama yake. Na miaka ya mwanzo daktari hakuwa lazima. Anakuja jirani, anasema marehemu alikuwa anakohoa na kukonda, msajili anaandika. Mpaka sheria ya 1874 ndipo daktari aliyemhudumia marehemu akalazimika kutoa cheti cha sababu.

Aliyezigeuza karatasi hizo kuwa takwimu ni William Farr, mtoto wa familia masikini ya Shropshire, aliyeingia ofisi ya usajili 1839 na kukaa hapo miaka 40. Nitamtaja tena.

Naendelea baadaye, nipo kazini.

#2 Kigoda cha Mbele

Nimekaa paleee. Teremsha mzigo mkuu.

#3 Karani wa Zamani

Twende na kifua.

Kifua kikuu ndicho kilichokuwa mfalme. Kati ya 1851 na 1910 kiliua karibu watu milioni 4 Uingereza na Wales, na zaidi ya theluthi yao walikuwa na miaka 15 hadi 34. Huo ndio umri wa kufanya kazi, kuoa, kunyonyesha. Kwenye vyeti vingi muda wa ugonjwa umeandikwa pembeni ya jina lake. Kipindupindu utakuta kimepewa saa: saa 14, saa 20. Kifua kikuu kinapewa miezi 9, miaka 2. Hebu fikirieni chumba kimoja, kitanda kimoja, watu sita, dirisha limezibwa matambara kwa ajili ya baridi, na mmoja wao anakohoa kwa miaka miwili.

Hakuna aliyehama mji kwa sababu hiyo. Waliona ni cha ukoo: baba alikohoa, binti naye anakohoa, ndivyo damu yao ilivyo. Robert Koch anatangaza kijidudu chenyewe kule Berlin, Machi 1882, Malkia ameshakaa kwenye kiti miaka 44. Na kujua kijidudu siyo kuwa na dawa. Dawa ya kukiua ilipatikana miaka ya 1940.

Nyuma yake kuna mkamba (uvimbe wa mirija ya pumzi) na kichomi. Makaa ya mawe kila nyumba, kila kiwanda, na upepo wa London mara nyingi unavuma kutoka magharibi, kwa hiyo moshi wa mji mzima unasukumwa East End. Desemba 1873 ukungu mzito uliukalia mji siku kadhaa. Ikatokea kwamba kuna maonyesho makubwa ya ng'ombe pale Islington, wale wa kunenepeshwa wa kushindania zawadi, wakawa wanahema kwa shida na kufa ndani ya ukumbi. Hilo likavuma. Wazee waliozimika vyumbani wiki hiyohiyo walikuja kuonekana kwenye majedwali tu, vifo vya mkamba vikiwa vimepanda ghafla.

#4 Nesi wa Zamu ya Usiku

Karani, umesema degedege. Degedege ni dalili jamani, mtoto anaweza kulipata kwa homa yoyote. Waliandikaje kama sababu ya kifo?

#5 Karani wa Zamani

Hapo umegusa penyewe dada. Mama alieleza alichokiona mwisho. Mtoto aliharisha wiki mbili, akaishiwa maji, siku ya mwisho akakakamaa na kugeuza macho. Anachokwenda nacho kwa msajili ni kile cha mwisho. Cheti kizuri cha daktari kitaandika vyote, "kuhara siku 14, degedege siku 2". Kibaya kinaandika degedege, basi. Halafu kuna "udhaifu", "kunyauka", na ile niipendayo, "kuota meno". Ndiyo, kuota meno ni sababu ya kifo kwenye takwimu rasmi za dola kubwa kuliko zote duniani.

Hao watoto ndio moyo wa uzi huu. Nchi nzima, kwa muda wote wa Victoria, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai karibu 150 hawakufika mwaka mmoja. Na hali haikuwa inaboreka. 1899, karibu Malkia afe, ilikuwa 163. Wilaya kadhaa za mijini zilivuka 200. Wakati huohuo vifo vya watu wazima vilishaanza kushuka, mabomba ya maji taka yapo, hospitali zipo. Watoto wachanga wakabaki palepale.

Mwuaji wao mkubwa alikuwa kuhara kwa majira ya joto, Julai hadi Septemba. Usafiri wa mji ni farasi, mavi ya farasi yamejaa mitaani, nzi hawahesabiki. Maziwa yanatoka kwenye zizi la uani au yanakuja kwa treni ndani ya kopo lisilofunikwa vizuri, yakiwa yameongezwa maji ambayo huyajui yametoka wapi. Mama masikini ananunua maziwa ya kopo ya bei ya chini, yaliyotolewa mafuta na kujazwa sukari. Mtoto ananenepa kidogo usoni na hana kitu mwilini.

Na kulikuwa na chupa ya kunyonyeshea yenye mrija mrefu wa mpira. Unailaza chupa pembeni, mrija unafika mdomoni, mtoto ananyonya mwenyewe huku mama mezani anagundisha maboksi ya viberiti, 144 kwa malipo ya senti zisizozidi mbili na ushee za wakati ule. Ule mrija ulikuwa hauoshiki. Maziwa yanaganda ndani, yanachacha, kesho yanamiminwa mengine juu yake. Madaktari walilalamika miaka nenda rudi na chupa ikaendelea kuuzwa madukani.

Mtoto akilia kwa tumbo, kuna dawa ya maji ya Godfrey. Afyuni ndani ya sharubati. Inauzwa dukani pamoja na mishumaa na sabuni. Sheria ya famasi ya 1868 ilibana uuzaji wa sumu, lakini dawa zilizosajiliwa kwa hataza zikapenya. Mtoto analala, anaacha kulia, anaacha na kunyonya. Mkimzika cheti kitasema "udhaifu".

#6 Nesi wa Zamu ya Usiku

Meno! Mnadhani yameisha? Kina mama wanakuja kliniki mtoto anaharisha siku kadhaa, macho yameingia ndani, ukiuliza unaambiwa "ni meno tu nesi". Na ile ya meno ya plastiki ndiyo inaniumiza zaidi, mtoto anaharisha na homa, anapelekwa kwa mtu anachimbwa ufizi kwa kitu kisichochemshwa, analetwa kwetu na damu imeshapata maambukizi. Mantiki ni ileile ya hao Waingereza: umri wa kuota meno ndio umri wa kuanza kula na kutambaa, anaokota kila kitu. Meno yanabeba lawama ya chakula kichafu. Tofauti ni kwamba mimi nina chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini na zinki. Daktari wao wa 1870 angempa nini?

#7 Karani wa Zamani

Angeweza kumchanja ufizi kwa kisu kidogo ili jino litoke. Kabisa, kwa mafunzo ya chuo kikuu.

#8 Bishano Halina Mwisho

Karani ngoja. Nilisoma mahali kwamba kibarua wa Bethnal Green alikuwa anaishi miaka 16. Hiyo ni chai. Mtu wa miaka 16 anakuwaje na mke na watoto watano wa kufa kwa kuhara?

#9 Karani wa Zamani

Takwimu ni ya kweli, unavyoisoma ndivyo sivyo. Inatoka kwenye ripoti ya Edwin Chadwick ya 1842. Alichukua vifo vya Bethnal Green, akatafuta wastani wa umri wa kufa kwa tabaka: mabwana na familia zao 45, wafanyabiashara 26, vibarua 16. Huo ni wastani wa umri wa waliokufa, ukijumlisha na watoto wao. Wakifa wachanga wawili na mzee mmoja wa miaka 48, wastani wao ni 16 na hakuna kati yao aliyewahi kufikisha miaka hiyo akafa. Kibarua aliyevuka utoto aliweza kufika 50 na 60.

Pia mtaa wenye vijana wengi na wazazi wengi wapya una watoto wengi wa kufa, kwa hiyo wastani unashuka kuliko hali halisi. Farr alilijua hilo, akatengeneza majedwali ya uhai kwa njia sahihi zaidi. Matarajio ya kuishi tangu kuzaliwa yakatoka hivi: Surrey mashambani miaka 45, London 37, Liverpool 26. Bado ni aibu, lakini ni aibu iliyopimwa vizuri.

#10 Bishano Halina Mwisho

Hapo nimekuelewa. Nilitaka kubisha zaidi ila nimekosa pa kushika.

#11 Mwana wa Malindi, Unguja

Assalaam alaykum. Uzi mzuri lakini naona kipindupindu unakipita pembeni, na hicho ndicho kilichojenga mabomba ya London yote. Hutendi haki.

#12 Karani wa Zamani

Waalaykum salaam Sheikh. Nilikuwa nakisogelea polepole. Ile habari ya 1854 ya Daktari John Snow, aliyesema kipindupindu kinaenezwa na maji, na pampu ya maji ya Broad Street wengi mnaijua, na ile ni Soho, magharibi. Mimi nataka 1866, ambayo ni ya East End yenyewe na haisimuliwi sana.

Kufikia hapo mhandisi Joseph Bazalgette ameshachimba sehemu kubwa ya mtandao wa maji taka wa London. Kipande kilichobaki hakijaunganishwa kilikuwa East End, kinasubiri kituo cha kusukuma maji cha Abbey Mills, kilichofunguliwa 1868. Mwishoni mwa Juni 1866 kibarua mmoja wa Bromley, kando ya mto Lea, anakufa kwa kipindupindu siku moja na mkewe. Choo chao kilikuwa kinamwaga mtoni. Karibu na hapo, Old Ford, kuna mabwawa ya kampuni ya maji ya East London. Sheria ya 1852 ilikataza kuwauzia watu wa London maji yasiyochujwa na yaliyohifadhiwa kwenye mabwawa ya wazi.

Julai vifo vinalipuka Poplar, Stepney, Bethnal Green, Whitechapel. Magharibi ya mji kimya. Farr anatandaza hesabu zake za wiki na kuona vifo vinafuata eneo la wateja wa kampuni moja. Mhandisi wa kampuni anaandika gazetini kwamba hata tone moja lisilochujwa halijapelekwa kwa wateja kwa miaka kadhaa. Halafu wateja wawili wanajitokeza: wamekuta mikunga, wale samaki kama nyoka, kwenye mabomba yao ya nyumbani. Mkunga haupiti kwenye chujio la mchanga, wakuu. Uchunguzi ukaonyesha bwawa la wazi lilikuwa limetumika kweli.

Kitu kingine ambacho napenda kwa Farr: 1849 yeye mwenyewe alikuwa anaamini kipindupindu kinaletwa na hewa chafu, akapiga hesabu za urefu wa kila wilaya kutoka usawa wa mto Thames kuthibitisha kwamba mabondeni ndiko wanakokufa. Hesabu zilikubali, maana mabondeni ndiko walikokunywa maji machafu zaidi. 1866 akamkubali Snow hadharani. Snow alikuwa ameshakufa tangu 1858.

Waliokufa kwa kipindupindu London mwaka ule wa 1866 ni zaidi ya 5,500, wengi wao East End. Na hapa narudi kwenye hoja yangu, Sheikh: mwaka huohuo kifua kikuu kiliua London watu wengi kuliko hao. Na mwaka uliofuata, na uliofuata tena, bila kelele gazetini. Kampuni ya maji? Iliendelea kuuza maji mpaka 1904 ilipochukuliwa na bodi ya umma.

#13 Mwana wa Malindi, Unguja

Sasa nikuongezee, maana wimbi hilohilo lilitufikia. Lilitoka India, likalipuka Makka wakati wa Hija ya 1865, likasambaa na meli na misafara. Tawi moja ndilo hilo la London. Jingine likapita Bahari ya Sham, Uhabeshi, likateremka bara kwa njia za misafara kupitia nchi ya Wamasai hadi pwani, likaingia Unguja mwishoni mwa 1869. Alikuwapo daktari wa Kiskochi mjini kwetu, James Christie, akafuatilia njia hiyo kwa kuwahoji wafanyabiashara wa misafara, Waarabu na Waswahili, kisha akachapisha kitabu 1876. Mji ulikufa watu kwa maelfu. Huku hapakuwa na daftari la kuandika jina na saa, kwa hiyo tunayo simulizi na makadirio ya Christie, hatuna mstari wa kila marehemu kama hao wa Bethnal Green.

#14 Karani wa Zamani

Shukran sana, hii inafaa uzi wake peke yake. Anzisha, mimi nitakuwa wa kwanza kuchangia.

#15 Dalali Mstaafu

Nyumba zilikuwa za nani? Maana kila nikisoma naona maji, maziwa, moshi. Mwenye nyumba hatajwi.

#16 Karani wa Zamani

Dalali unaijua kazi yako. Mfano ni Old Nichol, mpakani mwa Bethnal Green na Shoreditch. Watu zaidi ya 5,700 kwenye vichochoro vichache. Vifo karibu 40 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka, mara mbili ya Bethnal Green yote, ambayo nayo haikuwa mahali pa kujivunia. Kodi ukigawa kwa ukubwa wa chumba, ilikuwa juu kuliko mitaa ya wenye nazo. Na wamiliki walikuwamo wajumbe wa baraza lilelile la mtaa lililotakiwa kumtuma mkaguzi wa afya. Hapo unategemea mkaguzi aone nini?

Baraza jipya la London likaja 1889, likabomoa, likajenga makazi ya Boundary, yakafunguliwa 1900. Ni mazuri, yapo mpaka leo. Ila kodi yake ilikuwa ya fundi mwenye ajira ya kudumu. Katika wale elfu tano na mia saba, waliopata chumba kwenye majengo mapya ni 11. Wengine walihamia mitaa ya jirani na kuijaza.

#17 Binti wa Mikocheni

Na kazi zenyewe? Viwanda vya viberiti nasikia vilikuwa vinaoza watu mataya.

#18 Karani wa Zamani

Ndiyo, fosforasi nyeupe. Inaingia kwenye jino bovu, taya linaoza, usaha, mara nyingine mauti. Wasichana wa Bryant & May, Bow, waligoma 1888, na miaka kumi baadaye kampuni ikapigwa faini kwa kutoripoti visa vya ugonjwa huo. Idadi ya waliokufa ilikuwa ndogo ukilinganisha na ya kifua. Viwanda vya risasi nyeupe navyo viliwapa wanawake sumu, mimba zikatoka. Lakini cheti hakiulizi ulifanya kazi ya nini mpaka ukaugua. Safu ya kazi iko hapa, safu ya sababu iko pale, na kwa mwanamke safu ya kazi mara nyingi inasema "mke wa fulani".

#19 Mama Wawili London

Jamani mimi naishi hukuhuku East London, wanangu nawapeleka Victoria Park kila Jumamosi. Sikujua haya.

#20 Karani wa Zamani

Basi mshukuru Farr dada. Kwenye ripoti ya usajili ya 1839 ndimo alimosema bustani kubwa mashariki mwa mji ingepunguza vifo kwa maelfu. Watu wakakusanya saini, ikafunguliwa 1845. Sababu aliyoitoa ilikuwa hewa chafu, ambayo haikuwa sahihi. Bustani ni nzuri vilevile.

#21 Mama Wawili London

Swali la mwisho. Nina rafiki Mwingereza, babu wa babu yake cheti kinaonyesha kafia Whitechapel, ila familia yote ilikuwa Poplar. Inawezekana ni mtu mwingine?

#22 Karani wa Zamani

Inawezekana ni yuleyule. Kifo kiliandikwa kilipotokea, na Whitechapel ndiko ilikokuwa London Hospital, iliyopokea wagonjwa wa East End yote. Mwambie aangalie anwani iliyoandikwa. Ikiwa ni ya hospitali au nyumba ya masikini, atafute kitabu cha wagonjwa cha taasisi hiyo. Humo ndimo huandikwa mtu alikotoka. Hilo ndilo linalovuruga hata takwimu za wilaya: Whitechapel inaonekana inaua kuliko jirani zake kwa sababu jirani walikuwa wanakwenda kufia kwake. Alinganishe pia umri, na jina la aliyetoa taarifa. Akikuta ni mtoto au mkwe wa Poplar, kampata.

#23 Kigoda cha Mbele

Karani, ndui hujaigusa. 1871 hiyo.

#24 Karani wa Zamani

1871 na 1872, zaidi ya 42,000 Uingereza na Wales, na chanjo ilikuwa lazima tangu 1853. Kesho, nikitoka kazini.